Akwariamu yangu Ilazo imejaa mwani: nipunguze virutubisho au niongeze?

#1 Kioo_Ilazo
Habari za jioni wakuu. Wajuzi wa akwariamu zenye mimea naomba mnisaidie, maana kila ninayemuuliza ananipeleka njia yake.

Tenki ni la lita 120, lipo sebuleni hapa Ilazo, Dodoma. Chini kuna mchanga wa mtoni uliooshwa. Mimea ni Vallisneria kwa nyuma, Anubias nimeifunga kwenye gogo, na Hygrophila pembeni. Samaki ni gapi na moli. Taa ya LED inawaka saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Mbolea ya maji nilikuwa naweka kifuniko kimoja kila wiki.

Mwani wa nyuzi ulipoanza, muuza samaki mmoja akaniambia niache mbolea kabisa, utakufa kwa njaa. Nikaacha. Sasa Vallisneria imekuwa ya njano, Hygrophila majani ya chini yana vitundu vyenye kingo za kahawia, na mwani ndio kwanza unanenepa. Ukiuvuta unakuja na mmea wake.

Vipimo vya leo (miligramu kwa lita): nitrati 0, fosfati 2. pH ni 8.2. Maji ni ya kisima cha mtaani.

Hoja yangu ni hii: kama nitrati ni sifuri, huu mwani unakula nini? Na kama dawa ni kuunyima chakula, mbona mimea ndiyo inayotangulia kufa njaa?

#2 Chungulia
Nimeweka kiti hapa. Lakini uzi wa mwani bila picha mkuu, ndio nini?

#3 Bwana_Fosfati
Kioo, jibu umelibeba mwenyewe: fosfati 2. Hapo ndipo penye mzizi.

Hili jambo lina historia. Mwaka 1973 kule Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake walichukua ziwa moja dogo, Ziwa 226, wakaligawa katikati kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili wakamwaga nitrojeni na kaboni. Upande mmoja tu wakaongeza fosforasi. Upande wenye fosforasi ukageuka kijani, ule mwingine ukabaki safi, na picha yake kutoka angani ni maarufu hadi leo. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin wakaleta hoja hiyohiyo kwenye akwariamu za mimea: lisha kila kitu, nitrati, potasiamu na madini madogo, ila fosfati ibane iwe ndiyo inayopungua. Mimea ina akiba na mizizi, inavumilia. Mwani hauvumilii.

Kwa hiyo kuacha mbolea yote ndiko kulikokuponza. Rudisha mengine, bana fosfati. Na utuambie samaki unawalisha nini.

#4 Nusu_Kwa_Wiki
Kaka Fosfati nakuheshimu, ila ziwa lile halikuwa na msitu wa Vallisneria ndani yake. Ziwa lisilo na mimea ukilimwagia fosforasi, nani atakula kama si mwani? Tenki lililojaa mimea inayokua ni habari nyingine. Ndiyo hoja ya Tom Barr, mtaalamu wa akwariamu za mimea, miaka yote: virutubisho viwe vya kutosha, mimea isikose kitu hata siku moja, halafu kila wiki unabadilisha nusu ya maji ili ziada isirundikane. Watu wanaendesha matenki kwenye nitrati 20, fosfati 2 mpaka 3, potasiamu 20 na zaidi, na kioo kinang'aa.

Vitundu kwenye majani ya zamani ni potasiamu. Majani ya zamani kuwa njano yote ni nitrojeni. Mwani hauhitaji chakula kingi, hata kilichobaki kwenye mchanga kinautosha. Mmea wenye njaa unaachia mabaki yake majini, mwani unajisevia. Hapo hujaunyima mwani kitu, umenyima mimea.

#5 Chungulia
Moto umewaka mapema 😂

#6 Maabara_Nkuhungu
Mbukwenyi wote. Kabla hamjagombana kwa namba, tuhakikishe namba zenyewe ni za kweli.

Kioo, kipimo chako cha nitrati ni cha matone au vijiti? Kama ni cha matone chenye chupa mbili, ile ya pili ina unga unaotuama chini. Ukiitikisa kivivu, unga unabaki chini na jibu linakuja sifuri hata kama maji yamejaa nitrati. Gonga chupa mezani, tikisa nusu dakika kwa nguvu, weka matone, tikisa na kijichupa dakika nzima, subiri muda ulioandikwa ndipo usome.

Pili, soma karatasi yake: inapima nitrati yenyewe au nitrojeni iliyomo kwenye nitrati? Ikiwa ni nitrojeni, zidisha kwa 4.43. Watu wawili wanaweza kuwa na maji yaleyale, mmoja anasema 5 mwingine 22, wakatukanana bure.

Tatu, pima kisima. Visima vya mitaa iliyobanana yenye vyoo vya shimo mara nyingi vina nitrati. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za nitrati kwa lita. Unaweza kuwa unabadilisha maji huku unaongeza mbolea bila kujua.

#7 Kioo_Ilazo
Asanteni wakuu. Kipimo ni cha matone, chupa mbili. Samaki nawalisha dagaa wa kusaga, asubuhi na jioni. Nyumba nzima wamezoea, hata binti yangu wa miaka mitano anatupia anapopita.

Nitapima upya kesho mchana, taa ya sebuleni usiku inanidanganya rangi.

#8 Bwana_Fosfati
DAGAA WA KUSAGA. Na mifupa yake! Fosfati ya mifupa! Kesi imefungwa, naomba mwenyekiti afunge uzi.

#9 Mama_Gapi
Usifunge kitu, Bwana Fosfati. Mimi nina mabeseni ya gapi uani Chang'ombe, wote wanakula dagaa waleule wa soko la Majengo, maji ya bomba moja. Yaliyo chini ya mwarobaini maji ni meupe, unaona hadi watoto wa gapi walivyolala chini. Yanayopigwa na jua la mchana yote yamekuwa kijani, mkono ukiingiza huoni kiganja. Chakula kilekile, maji yaleyale, tofauti ni jua tu. Sasa fosfati imeingiaje hapo?

Huyu kaka anawasha taa kwa saa kumi na mbili kila siku. Samaki wenyewe hawalali.

(Tena gapi wanaokaa kwenye maji ya kijani wananenepa kuliko wale wengine. Mimi siyaiti tatizo.)

#10 Kijana_wa_Udom
Mama Gapi ameua. Taa ishushwe iwake saa 6 au 7 tu kwa siku. Mwanga ndio unaoamua mmea ule haraka kiasi gani. Ukipandisha mwanga, unapandisha njaa ya kila kitu: nitrati, potasiamu, gesi ya kaboni (kaboni dioksidi). Kinachopungua kwanza ndicho kinachosimamisha ukuaji, hata vingine vikijaa. Ile ni kanuni aliyoitangaza Liebig Mjerumani karne ya 19 kwa mazao ya shambani, na majini inafanya kazi vilevile. Shusha mwanga, matatizo mengine yote yanapungua kwa pamoja.

#11 Nusu_Kwa_Wiki
Sipingi kushusha mwanga. Napinga kusema mwanga peke yake. Nimeona tenki linalowashwa saa 6 tu kwa siku limejaa ndevu nyeusi mpaka kwenye bomba la chujio.

#12 Fundi_Mtungi
Ndevu nyeusi umezitaja, basi naingia. Zile si mwani wa kijani, ni wa kundi la mwani mwekundu. Ukizitia kwenye spiriti zinageuka nyekundu, jaribu. Na zinakuja pale gesi ya kaboni inapopanda na kushuka: leo ipo, kesho umesahau kufungua mtungi wa gesi hiyo. Mimi natumia mtungi na kile kijichupa cha kuashiria: kikiwa bluu gesi ni kidogo, kijani iko kwenye miligramu 30 kwa lita, njano samaki wanaanza kupumulia juu. Tangu nilipoituliza gesi sijui ndevu ni nini, na mbolea namwaga bila kuhesabu.

Kwa asiye na mtungi, chupa ya soda, sukari, hamira na mpira wa dripu vinatosha kuanzia.

#13 Maabara_Nkuhungu
Chupa ya hamira ndiyo mama wa kupanda na kushuka, Fundi. Siku ya kwanza inachemka, wiki ikiisha imekufa, na mchana wa Oktoba hapa Dodoma inafanya kazi tofauti na usiku wa Julai. Kwa hoja yako mwenyewe, hiyo ni mashine ya kuzalisha ndevu.

Halafu maji ya huku ni magumu. Birika la kila nyumba lina ukoko mweupe ndani, tunajuana. Vallisneria inapenda maji hayo, ina uwezo wa kuchota kaboni kutoka kwenye bikaboneti. Ndiyo maana inaota yenyewe Ziwa Tanganyika ambako pH iko karibu na 9. Kwake gesi si jambo la kufa na kupona.

#14 Fundi_Mtungi
Hygrophila je? Na Anubias? Hazijazaliwa Kigoma hizo.

#15 Maabara_Nkuhungu
Hapo umenipata nusu. Anubias ni ya mitoni Afrika Magharibi na Kati, inakua polepole hivyo kila kitu kinatosha. Jani lake linakaa muda mrefu sana na mwani unapata kiwanja cha kujenga. Isogeze kwenye kivuli tu.

#16 Kioo_Ilazo
Nimerudi wakuu. Nimetikisa chupa mpaka mke wangu akauliza kama natengeneza togwa.

Tenki: nitrati kama 20. Kisima: inakaribia 40. Fosfati ya tenki bado 2, ya kisima hata rangi haikutokea.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi kuliko jana.

#17 Nusu_Kwa_Wiki
Nitrati 20! Ndiyo namba niliyoitaja namba 4. Kumbe nitrojeni ipo, inayokosekana ni potasiamu. Si nilisema vitundu?

#18 Bwana_Fosfati
Si nilisema! Nitrati ya kumwaga, fosfati ya kumwaga, kisima hakina fosfati, kwa hiyo yote imetoka kwa DAGAA. Hakuna njaa hapo, kuna karamu.

#19 Kijana_wa_Udom
Si tulisema mwanga.

#20 Chungulia
Kipimo kimoja, washindi watatu. Dodoma ni makao makuu kweli 😂😂

#21 Pembejeo_Kizota
Nauza pembejeo, nawasoma tangu asubuhi. Kabla mtu hajakimbilia dukani: mbolea za shambani si zote za tenki. Urea usiweke. DAP usiweke. CAN usiweke, nusu ya nitrojeni yake ni amonia. Kwenye pH 8.2 sehemu ya ile amonia, hata kama si kubwa, inageuka kuwa gesi yenye sumu na samaki utawaokota asubuhi. Wengine wanasema hata kidogo isiyoua samaki inaamsha mwani, hilo nawaachia nyie.

Mnachotafuta ni chumvi safi zinazoyeyuka zote. Kama nitrojeni haihitajiki, chukueni salfeti ya potasiamu. Kama inahitajika, nitrati ya potasiamu. Gramu 1 kwenye lita 100 inakupa nitrati 10.

#22 Maabara_Nkuhungu
Mkuu Pembejeo, gramu 1 kwenye lita 100 inakupa miligramu 10 za *chumvi*. Nitrati ni asilimia 61 tu ya uzito wake, kilichobaki ni potasiamu. Kwa hiyo unapata 6.1. Ukitaka 10, pima gramu 1.6.

Na tenki la lita 120 halina lita 120. Toa mchanga, gogo, na ile nafasi ya juu, unabaki na 100 hivi. Ambaye hana mizani ya sonara ayeyushe gramu 16 kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 50 za mchanganyiko huo ndizo gramu 1.6. Sirinji ya duka la dawa inatosha kupimia. Chupa iandikwe na iwekwe juu, Kioo ana mtoto mdogo.

#23 Pembejeo_Kizota
Sahihi, nilihesabu chumvi nzima. Asante.

#24 Hesabu_Tupu
Mbona hakuna anayetaja uwiano? Alfred Redfield alionyesha karne iliyopita kwamba nitrojeni na fosforasi zinakwenda 16 kwa 1. Kioo ana 20 kwa 2, yaani 10 kwa 1. Nitrojeni imepungua, ndiyo inaleta ule utelezi wa bluu-kijani unaonuka.

#25 Maabara_Nkuhungu
Ile 16 kwa 1 inahesabu atomu, Hesabu. Vipimo vyetu ni miligramu za nitrati na fosfati. Ukigeuza, 16 kwa 1 inakuwa karibu 10 kwa 1. Kioo yuko palepale pa Redfield, kwa bahati tu.

Tena Redfield alikuwa anapima viumbe vidogo vinavyoelea baharini. Vallisneria haijawahi kusaini mkataba huo.

#26 Hesabu_Tupu
Basi uwiano uko sawa na mwani upo. Uwiano nao tuufute?

#27 Nusu_Kwa_Wiki
Tuufute.

#28 Bwana_Fosfati
Tusiufute haraka hivyo. Mtu akiwa na 10 kwa 1 ya vitu vingi bado ni vingi.

#29 Duka_la_Dawa
Nimeona utelezi wa bluu-kijani umetajwa. Naomba niwahi kabla hamjaja kwetu kuulizia erithromaisini. Ni kweli utelezi ule ni bakteria, si mwani, na dawa ile inaua. Lakini ni antibayotiki ya watu. Inaweza kudhoofisha na bakteria wazuri wa chujio lako, halafu maji yenye dawa unamwaga wapi? Kwenye bustani ya mchicha. Usugu wa dawa tunao wa kutosha. Utelezi vuta kwa mpira, funika tenki na shuka zito siku tatu bila mwanga wowote, ongeza mzunguko wa maji.

#30 Kioo_Ilazo
Kwangu haunuki, ni nyuzi tu. Ila nashukuru dokta.

Sasa nimekaa nikaangalia vizuri: majani ya *chini* ya Hygrophila yana vitundu, lakini majani *machanga* ya juu yamepauka, mishipa inabaki kijani. Hiyo ni nini?

#31 Pembejeo_Kizota
Majani machanga kupauka mishipa ikabaki kijani ni madini ya chuma. Mche wa zabibu kwenye udongo wenye chokaa unafanya hivyohivyo. Ya zamani na machanga kwa pamoja maana yake ana upungufu wa vitu viwili.

#32 Maabara_Nkuhungu
Na hapo pH 8.2 inaingia. Chuma cha mbolea nyingi kimefungwa kwa EDTA, kemikali inayokishika kisituame, na kifungo hicho hakistahimili pH ya juu. Chuma kinaachia, kinatuama kuwa kutu, mmea hauwezi kukichukua. Cha DTPA kinafika mbali kidogo. Cha EDDHA ndicho kinachostahimili maji ya huku, ubaya wake ni kwamba kinapaka maji rangi ya waridi. Weka kidogo sana, mkeo asije akadhani umehama kutoka togwa kwenda mvinyo.

#33 Bwana_Fosfati
Kumbuka chuma nacho kinashutumiwa kulisha mwani wa nyuzi.

#34 Nusu_Kwa_Wiki
Kila kitu kinashutumiwa kulisha mwani, hata maji.

#35 Mkulima_Hombolo
Nyie mnapenda makemikali. Chukueni mimea inayoelea iwe inakula hiyo ziada. Majani yake yako hewani, kaboni inapata bure, mwanga inapata wa kwanza, inavuta nitrati na fosfati mpaka mwani unabaki mikono mitupu. Ile ya maua ya zambarau inakua usiku kucha, naweza kuleta.

#36 Mama_Gapi
Ya maua ya zambarau si ndiyo gugu maji? Lile lililofunga mialo ya Ziwa Victoria? Usilete hilo kaka, likimwagwa kwenye mtaro mvua za Januari zitalifikisha bwawani kwenu.

#37 Maabara_Nkuhungu
Naunga mkono Mama Gapi. Hoja ya mimea inayoelea ni nzuri, chagua tu nyingine: azola, au lile ua la kutambaa la sebuleni, unalining'iniza mizizi ikaingia majini na majani yakabaki nje. Linakula nitrati kweli.

Jambo jingine. Anayeokota mimea bwawani akumbuke konokono. Baadhi ya konokono wa maji baridi ndio wanaobeba kichocho. Usiingie majini miguu mitupu, mmea utenge kwenye ndoo, na konokono usiyemjua usimlete sebuleni kwa watoto.

#38 Mkulima_Hombolo
Nimeelewa, sileti. Ila kivuli cha azola si ndiyo uleule mwarobaini wa Mama Gapi? Utajuaje kama imeshinda kwa kula au kwa kuziba mwanga?

#39 Kijana_wa_Udom
Hili swali la Mkulima ndilo swali bora la uzi huu mpaka sasa.

#40 Fundi_Mtungi
Hakuna aliyeuliza umeme. Kioo, huko kwenu umekatika mara ngapi mwezi huu?

#41 Kioo_Ilazo
Wiki iliyopita ulikaa karibu mchana kutwa. Chujio ni la ndoo, la nje.

#42 Fundi_Mtungi
Haya. Chujio la ndoo likisimama mchana kutwa, bakteria mle ndani wanakosa hewa, wanaanza kufa, maji yanaoza. Umeme ukirudi, ile supu yote inasukumwa kwenye tenki, na amonia yake. Likisimama zaidi ya saa kadhaa, lifungue kwanza, mwaga maji ya ndani (utasikia harufu), suuza sponji kwa maji ya tenki, ndipo uwashe. Mwani wa nyuzi unaokuja ghafla baada ya kukatika umeme nimeuona kwangu na kwa wateja. Kipimo hakikuonyeshi, kwa sababu ukipima jioni mwani wenyewe umeshakunywa.

#43 Bwana_Fosfati
Hiyo ya "umeshakunywa" ni kinga ya kila nadharia. Fosfati ikiwa juu, ndiyo sababu. Amonia ikiwa sifuri, imeshanyweka, nayo ndiyo sababu. Nani atashindwa kesi kwa mtindo huo?

#44 Nusu_Kwa_Wiki
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na wewe, na sijisikii vizuri.

#45 Kioo_Ilazo
Wakuu, mrejesho kwa waliouliza huko pembeni. Taa sasa inawaka kwa saa 7, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku ili nami niione nikitoka kazini. Dagaa ni mara moja kwa siku, na binti nimempa kazi ya kuhesabu samaki badala ya kuwalisha. Salfeti ya potasiamu nimeanza, chuma cha EDDHA kidogo sana. Nyuzi nazizungushia kwenye mswaki wa zamani, zinatoka kama tambi. Maji nabadilisha nusu kila Jumapili.

Matokeo: Vallisneria imetoa vikonyo vipya viwili vya kijani. Hygrophila machipukizi yake ya juu yamekolea, waridi wa maji ndio uleule uliosemwa. Nyuzi zimepungua sana. LAKINI kingo za majani ya Anubias zimeota vishungi vyeusi ambavyo havikuwepo.

#46 Bwana_Fosfati
Dagaa wamepungua, nyuzi zimepungua. Asante kwa kuja.

#47 Nusu_Kwa_Wiki
Potasiamu na chuma vimeingia, mimea imeamka, nyuzi zimekosa nafasi. Karibu sana.

#48 Mama_Gapi
Taa imezimwa jamani.

#49 Fundi_Mtungi
Na vishungi vyeusi ni ndevu. Nilizitaja namba 12. Kubadilisha nusu ya maji kunaleta maji mapya ya kisima yenye gesi tofauti kila Jumapili. Hapo zimepata kupanda na kushuka kwao.

#50 Maabara_Nkuhungu
Kioo, hongera kwa Vallisneria. Ila umebadilisha taa, chakula, potasiamu, chuma na maji kwa mpigo mmoja, kwa hiyo hapa hakuna anayeweza kudai ushindi, hata wakidai kwa herufi kubwa. Na kisima chenye nitrati 40 ukibadilisha nusu kila wiki, nitrati ya tenki itapanda, haitashuka. Pima kabla na baada ya Jumapili ijayo.

Ndevu: kwenye Anubias kata jani lililojaa. Kwenye gogo, lichomoe, lipakie haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa brashi, subiri dakika tano, suuza, rudisha. Ukiona zimegeuka waridi ujue zimekufa.

#51 Bwana_Fosfati
Nusu, wewe na mimi tumalize. Mabeseni mawili, Vallisneria sawa kwa uzito, maji yaleyale, kivuli kilekile, nitrati na potasiamu sawa. Lako unaweka fosfati 2, langu halipati. Tunakutana baada ya mwezi. Atakayeshindwa ananunua chipsi kuku Area C.

#52 Nusu_Kwa_Wiki
Nakubali, kwa sharti maji yatoke kwa Mama Gapi, siyo kwako. Na Vallisneria ziwe nyingi, si mche mmoja uliochoka halafu useme fosfati imeleta mwani. Beseni lijae.

#53 Bwana_Fosfati
Likijaa mimea unapendelea upande wako.

#54 Nusu_Kwa_Wiki
Lisipojaa unapendelea wa kwako, unarudi Kanada ziwani.

#55 Hesabu_Tupu
Wekeni manne basi: mawili yaliyojaa, mawili yenye miche michache. Beseni moja kwa kila hali ni kubahatisha, ila ni afadhali.

#56 Mama_Gapi
Mabeseni ninayo matatu matupu, la nne lina ufa. Mwarobaini nautoa bure. Vallisneria ya kujaza mabeseni mawili nani anayo? Na gapi hamwingizi, sitaki kesi ya amonia uani kwangu.

#57 Kioo_Ilazo
Vikonyo vyangu bado vidogo, mnipe mwezi.

#58 Mkulima_Hombolo
Beseni lenye ufa nitaliziba kwa silikoni Jumamosi, nikipita Sabasaba. Mama Gapi, ufa ni wa chini au wa ubavuni?